Siku Mdogo Wangu Alipokataa Kuitika

Mafia haina mlima. Wageni kutoka bara wakitusimulia habari za milima yao, mabonde yenye ukungu na vijiji vya mawe vilivyojengwa ukingoni mwa magenge, mimi nilikuwa siwezi kunyamaza. Niliwaambia nasi tunayo yetu, vukeni kisiwa cha pili, Juani, mkaone. Wakanicheka. Kisiwa gani hicho, mtu akipanda mnazi anakiona chote, halafu kiwe na korongo? Sikuwalaumu, maana mimi ni mtu wa kutia chumvi na wote walilijua hilo. Lakini korongo lipo. Liko hukohuko Juani, nyuma ya magofu ya mji wa Kua, bahari imelila jabali miaka na miaka mpaka ikalipasua, na ukisimama chini yake mbingu unaiona nyembamba kama utepe wa kufungia nywele. Niliingia humo siku moja tu ya maisha yangu, na siku hiyo nilikuwa nusura nimuue mdogo wangu.

Tulikuwa tukikaa kisiwani Chole, Mjerumani bado ana boma lake pale. Upande wa baba walikuja kutoka Maskati enzi za babu. Upande wa mama walikuwa watu wa Kua, mabaki ya wale waliosalimika mji ulipovunjwa. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, wanawake wa upande wa mama walikuwa wakienda kusafisha makaburi, kuchoma ubani na kuwasomea wazee wao. Mwaka huo mama alikuwa na homa, hakwenda. Tulikwenda watatu: mama mkubwa, yaani dada yake mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi na minne na kiburi cha miaka arobaini, na mdogo wangu wa miaka tisa. Aliyetupeleka alikuwa mzee mmoja mvuvi, mwenye mtumbwi, mtu wa maneno machache ambaye kazi yake ilikuwa kutuvusha na kutusubiri pwani.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Kwetu mtoto wa kike akiitwa jina lake huitika "abee" hapohapo, kabla hata mwitaji hajafunga mdomo. Ukichelewa unaulizwa kama masikio yako umeyauza. Ukiitika kwa sauti ya uvivu unaitwa tena, na tena, mpaka abee yako inyooke. Mdogo wangu alikuwa bingwa wa abee. Ungemwita akiwa ndani ya ndoto angeitika.

Kua ilikuwa kinyume. Kua hakuna kuitana majina, na ukiitwa jina lako, usiitike. Mama mkubwa alitukumbusha tukiwa bado mtumbwini. Alisema zamani watu wa Kua waliwaalika jirani zao kwenye harusi, wakawaandalia karamu katika chumba cha chini ya ardhi, halafu mlango wa chumba ukajengwa kwa mawe wageni wakiwa humo humo. Ilikuwa kisasi cha ubaya mwingine wa zamani zaidi. Wageni walipoona kiza kimewafunika walianza kuita. Waliwaita wenyeji wao majina, mmoja mmoja, siku tatu. Wenyeji waliwasikia wala hawakuitika. Tangu hapo, alisema, Kua ikikuita jina lako ni wale wa chini wanakutafuta, na mtu akiitika amekubali kwenda kuwafungulia. Sisi kwa sisi tuitane mama, dada, mwanangu, inatosha.

Mdogo wangu alisikiliza mdomo wazi. Mimi nilikuwa nikichezea maji kwa kidole.

Tulishuka pwani ya Kua jua limeshapanda, maji yanakupwa. Yalikuwa ya bamvua, yanayokwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Mzee wa mtumbwi alimwambia mama mkubwa, "Saa sita yatakuwa yamegeuka. Mkisikia nimepiga kelele, msiniulize kwa nini." Mama mkubwa akasema amesikia.

Mji wenyewe ulikuwa kuta tu, lakini kuta hasa. Nyumba za mawe zimepangana na vichochoro vyake, misikiti haina paa, na katikati nyumba kubwa ya ghorofa ambayo ngazi zake zilipanda zikaishia hewani. Mizizi ya mikuyu ilikuwa imeyakumbatia mawe, hujui ni mti unaoshika ukuta au ukuta unaoshika mti. Tulivua makubazi penye lango la msikiti, tukapiga hodi kama watu wanaoingia nyumba ya wenyewe. Kisha mama mkubwa akafungua kikapu chake akatoa chetezo, ubani, na mrashi.

Huo mrashi ndio uliokuwa kiini cha mambo yote. Ulikuwa wa fedha, shingo ndefu nyembamba, bibi yetu aliupata siku ya harusi yake, na kazi yake ilikuwa kunyunyizia marashi maharusi na makaburi. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimeuchukua kisirisiri nijione bibi harusi mbele ya kioo. Uliniponyoka ukaanguka kwenye sakafu, shingo ikakatika. Nikaufunga kitambaa nikausukuma chini ya godoro la mdogo wangu. Mama alipoukuta alimchapa. Mtoto aliapa kwa Mungu si yeye, na kwa kiapo hicho akachapwa mara ya pili. Tangu siku ile jina lake nyumbani likawa "yule mwongo". Ukipotea uzi wa kushonea, aulizwe yule mwongo. Mama, ambaye alikuwa mpole kwetu sote, akawa hamwamini hata akisema amekunywa maji. Mimi nilikuwepo siku zote hizo, nakula, nalala, nasali.

Sasa mrashi ulikuwa pale kwenye jua la Kua, shingo imeungwa kwa risasi, una kovu jeusi. Mdogo wangu aliutazama. Halafu akanitazama mimi, akaendelea kunitazama. Alikuwa hajawahi kusema neno, lakini alijua. Sielewi vipi watu wanaweza kuvumilia kutazamwa namna hiyo. Mimi sikuweza. Nilitaka awe mdogo, awe mjinga, awe na hofu, chochote kitakachomfanya aache kunitazama.

Basi mama mkubwa alipokuwa akifagia makaburi, nikajipenyeza ndani ya ile nyumba ya ghorofa, nikajibanza nyuma ya ukuta, nikabana pua, nikamwita mdogo wangu jina lake lote, nikilivuta polepole kama mtu anayeongea kutoka mtungini.

"Abee!" akaitika. Ilimtoka yenyewe, kwa mazoea. Kisha nikamsikia akilia.

Kofi la mama mkubwa sikuliona lilikotoka. "Mshenzi wewe! Mahali hapa ni pa kuchezea?" Akamgeukia mdogo wangu, akapiga magoti mbele yake, akamshika mabega yote mawili. "Sikiliza mwanangu. Umeshaitika mara moja. Basi mara moja hiyo inatosha. Kuanzia sasa ukisikia jina lako usiitike. Hata ukisikia sauti ya huyu dada yako, usiitike. Hata ukisikia sauti yangu, ya mama yako, usiitike mpaka mguu wako uingie mtumbwini. Umenielewa?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa kusikia, alikuwa ameelewa kweli.

Makaburi ya Kua hayaoshwi kwa maji ya kuja nayo. Desturi ni maji ya kisima kilicho ndani ya korongo, na wanaoyachota ni mabinti wa ukoo. Mama mkubwa akatupatia vibuyu viwili akatuambia twende tukapatane njiani. Hatukupatana. Mdogo wangu alitangulia mbio, mgongo wake umenikunjia uso, kama unaweza kusema hivyo juu ya mgongo.

Njia inashuka kwa vidato vilivyochongwa kwenye jabali, halafu ghafla uko chini. Kuta zimesimama kushoto na kulia, urefu wa minazi miwili, zimetobolewatobolewa kama mkate wa kumimina, na kila tundu lina ncha za kukata mkono. Chini ni mchanga mweupe wa majimaji. Kuna mapango, kuna nyufa za kupita mtu kwa ubavu, na nyufa hizo zinazaa nyufa nyingine. Sauti ya bahari inasikika upande usioutegemea. Nilianza kumfuata kwa nyayo zake. Nilipofika kisimani hakuwepo, na nyayo sikuziona tena. Nikadhani amezunguka amerudi juu ili asinione. Nikajaza kibuyu changu nikarudi.

Mama mkubwa alikuwa akisoma. Aliponiona peke yangu akasimamisha kisomo kwa kidole. "Mwenzio?"

Nikasema, "Yuko msikitini, amenuna."

Sikujua yuko wapi. Nilisema hivyo kwa sababu shavu bado lilikuwa likiniwasha na sikutaka la pili. Mama mkubwa akaendelea na kisomo chake mpaka mwisho, akaosha makaburi moja baada ya moja, akanyunyizia marashi, akafukiza. Mimi nilikuwa nikitupa jicho msikitini kila mara, nikimwomba Mungu mdogo wangu atokee na mdomo wake wa kununa. Jua likatukalia utosini. Kisha tukamsikia mzee wa mtumbwi akipiga kelele pwani. Maji yamegeuka.

"Kamwite mwenzio," akasema mama mkubwa. Halafu akauona uso wangu. Alikusanya leso yake kiunoni akaanza kukimbia kuelekea korongoni, mwanamke mnene ambaye sijawahi kumwona akikimbia, na mimi nyuma yake nikilia tayari.

Chini kulikuwa kumebadilika. Ule mchanga niliokanyaga ulikuwa na maji ya kufunika vidole, na hayakuwa yakija kutoka baharini tu, yalikuwa yakichemka kutoka chini, kwenye vitundu vya jabali. Penye nyufa kubwa tulikikuta kibuyu cha mdogo wangu kinaelea, kinazunguka mahali pamoja. Mbele ya kibuyu palikuwa na mashimo. Nilihesabu saba, yameteremka ndani ya mwamba kama visima vya kuinama, mengine yamezibwa na kiza hatua mbili tu kutoka mdomoni. Mtoto mdogo angeweza kuteleza katika lolote kati ya hayo, na sisi tusingeweza kuingia yote kabla maji hayajayajaza.

"Mwanangu!" akaita mama mkubwa. "Mwanangu we!" Jabali likamrudishia sauti yake kutoka pande zote. Likanyamaza.

Tukaingia shimo la kwanza, mimi kwa tumbo. Lilikuwa tupu. La pili lilikuwa linakata kona, nikachubuka magoti, tupu. Nilipotoka maji yalikuwa yamefika miguuni juu ya vifundo. Mama mkubwa alisimama katikati ya korongo, anafumbua mdomo na kuufumba, nikajua anapigana na nini. Kisha akafanya ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya Kua. Akamwita jina. Aliliita kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, jina la mtoto, la baba yake, la babu yake.

Hakuna abee.

Akaita tena. Akasema, "Ni mimi mama yako mkubwa, itika!" Akasoma Ayatul Kursi kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, ili mtoto ajue kwamba anayesoma si jini. Lakini katika chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba hata majini wamo Waislamu, na wanasoma vizuri kutuzidi. Nami nikamwita. Nikamwita kwa jina, kwa jina la utani, nikamwita kwa kumbembeleza na kwa kumtukana. Yu hai, nilijua yu hai, na ananisikia. Asubuhi ile nilikuwa nimemwita kwa uongo. Sasa sauti yangu ilikuwa ndiyo ya kwanza katika sauti zisizofaa kuitikiwa. Utii wake ulikuwa unamzamisha, na mimi ndiye niliyeutia fundo.

Mzee wa mtumbwi alitokea juu ya genge, akaona, akarudi mbio kuchukua kamba. Maji yalikuwa yamefika magotini.

Mama mkubwa akanishika mkono, akanibana hadi kucha zikaingia. "Mwambie kitu," akasema. "Wewe unalala naye kitanda kimoja. Mwambie kitu ambacho hakuna wa chini anayeweza kukisema."

Nikafikiria nyimbo zetu, michezo yetu, jina la mwanasesere wake. Wa chini wangeweza kuyajua yote hayo, kwani si wanasikiliza? Lilikuwepo neno moja tu. Nilikuwa nimelibeba miezi mitano, na hata pale, maji yakinipanda mapajani na mtoto akifa hatua chache tu, mahali nisipopajua, naapa niliona uzito kulitoa. Niliona haya mbele ya mama mkubwa. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani wakati wa hatari mtu huwa mwema. Mimi nilikuwa bado natafuta njia ya kupita pembeni.

Haikuwepo. Nikapiga kelele.

"Mrashi niliuvunja mimi! Unasikia? Niliuvunja mimi nikauficha chini ya godoro lako! Ulipochapwa nilikuwa mlangoni, nilikuona! Si wewe mwongo, mimi ndiye mwongo! Nisamehe, mdogo wangu, nisamehe!"

Jabali likayarudia maneno yangu yote, moja moja, lisiniache hata moja. Halafu, kutoka shimo la tano, upande ambao hatukuwa hata tunautazama, ikaja sauti ndogo, kavu.

"Abee, dada."

Alikuwa ameteleza akakaa kwenye kidato chembamba cha mwamba, mguu umebanwa katika ufa, maji yamemfika kifuani. Mzee alishuka na kamba. Mama mkubwa alivua leso zake mbili akazifunga pamoja kuongeza urefu wa kamba, akabaki na gauni la ndani mbele ya mwanamume asiyemhusu, wala hakujali. Mzee aliingia kichwa mbele, mimi nimemshika miguu. Walipomng'oa alitoka na ngozi ya mguu imekwanguliwa kutoka goti hadi kifundo, kovu ambalo alikaa nalo maisha yake yote. Alikuwa akitetemeka, midomo imekuwa ya buluu. Mama mkubwa alimkumbatia huku akilia kwa kwikwi.

Mdogo wangu alijitoa kidogo katika kumbatio lile ili amwone usoni. Maneno yake ya kwanza hayakuwa juu ya mguu wala maji.

"Mama mkubwa," akasema, "umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Yote?"

"Yote."

Ndipo akaanza kulia.

Makubazi tuliyasahau pale langoni mwa msikiti, na nadhani yako hadi leo. Tulipofika nyumbani mama mkubwa aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama akamweleza mambo yote, na mimi nikasimama mbele yao nikingoja fimbo. Nilikuwa naitaka. Mama hakunigusa. Aliinuka na homa yake, akauchukua mrashi, akaenda alikolazwa mdogo wangu, akamwekea mikononi, akamwomba radhi. Mzazi kumwomba radhi mtoto, hilo halikuwa jambo la nyumba zetu. Sikuwahi kuliona kabla na sijaliona tena. Ningechapwa kila siku kwa mwaka mzima kuliko kusimama pale na kulitazama.

Tulikua, tukaolewa, tukazaa. Nilimuuliza mara nyingi: alinijua tangu mwito wa kwanza, au kweli alidhani mimi ni wa chini? Kila mara alinipa jibu lake. Siku moja alisema jini hawezi kuomba radhi, ndiyo maana akaitika. Siku nyingine alisema alinijua mapema sana, alikuwa anangoja tu nimalize kuzungukazunguka. "Na ungezama?" nikamuuliza. Akacheka akanipa kahawa. Lakini tangu Kua, mimi nikimwita, hakuitika tena mara ya kwanza. Wengine wote aliwaitikia papo hapo. Mimi alinisubirisha, kitambo kidogo tu, cha mtu kuvuta pumzi. Kisha, abee.

Alinitangulia yeye, mdogo. Ilikuwa asubuhi, milango iko wazi, watoto wake wamemzunguka, na mguu wenye kovu umetoka nje ya shuka. Nilifika nimechelewa kutoka shamba. Nikamwita. Nikasubiri kama kawaida yetu. Nikamwita tena. Wanawe wakaanza kunishika mikono, wakiniambia mama mkubwa, basi, amekwenda. Nikawaambia waniache, hawajui mambo yetu. Nikainama sikioni kwake nikaanza kumweleza yote niliyokuwa nimebaki nayo: bangili yake niliyoiazima nikasema imepotea, maneno niliyomsema kwa mumewe, siku aliyougua nikajifanya sikupata habari. Nilitoa moja baada ya jingine mpaka nikawa sina tena la kukiri. Kisha nikanyamaza, nikategea sikio, nikimpa muda wake wa kuvuta pumzi.